Mikono Mfukoni

Jumatatu, 3 Februari

Mke wangu amesema akisikia tena neno roboti mezani kabla ya shindano atahamia kwa dada yake, kwa hiyo nimejinunulia daftari. Yeye hufundisha watu kuendesha magari. Kutwa nzima yuko na watu wanaompanda kichwani, na jioni anataka kula kwa amani. Namwelewa, lakini mimi nisiposema napasuka.

Leo yameletwa masanduku mawili ya vifaa: mota, magurudumu, betri, nyaya na kompyuta ndogo ya kuandikia programu. Ni vya kuazima. Waandaaji wa shindano wamevigawa kwa shule nyingi, na mwisho wa Machi shule tatu za kwanza zitabaki na vyao, nyingine zote zitarudisha. Mama Mkuu, yaani mwalimu mkuu wetu, amenipa ufunguo wa chumba cha mwisho kwenye jengo la madarasa akasema ni cha klabu mpaka siku hiyo. Tusipoingia tatu bora, klabu basi, na chumba kitakuwa stoo ya viti vibovu. Hakusema kwa ubaya. Viti vibovu anavyo kweli, na hata kengele ya umeme ya shule ilikufa kabla sijaajiriwa hapa. Mlinzi hugonga kipande cha chuma kilichoning'inizwa nje ya ofisi.

Kuna sharti moja limenikaa rohoni. Mwalimu anaruhusiwa kuuliza na kuulizwa, lakini haruhusiwi kugusa roboti wala programu yake, na siku ya shindano atatia saini kwamba hakugusa. Mimi ni mtu nisiyeweza kumwona mwenzangu akimenya chungwa vibaya nisimpokonye kisu. Mke wangu anauita ugonjwa huu kiherehere.

Jumatano, 5 Februari

Timu imepatikana, na tutakutana kila Jumatano na Ijumaa. Wako mapacha wawili wa kiume wanaobishana kama wazee wa baraza. Yuko kijana ambaye darasa zima humwita Cheche kwa sababu hujibu kabla swali halijaisha, na mara nyingi hujibu sawa. Wa nne ni msichana anayeitwa Taratibu. Jina hilo alipewa na wenzake, maana akichonga penseli unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukamkuta bado anachonga. Nimemchukua kwa kuwa mkono mwingine haukuinuliwa.

Kazi ya roboti ni kuondoka kituoni, kwenda mbele moja kwa moja, kugeuka kwenye ukuta wa mbao na kusukuma makopo matupu hadi ndani ya duara lililochorwa. Mtoto wa miaka minne angeifanya kwa kupewa pipi.

Ijumaa, 7 Februari

Wamefunga magurudumu nyuma mbele. Nimenyamaza. Nimekunywa maji mpaka jagi likaisha.

Jumatano, 12 Februari

Mvua zimeanza, na paa la chumba chetu linapiga kelele mpaka tunaongea kwa ishara. Roboti imetembea kwa mara ya kwanza. Cheche aliandika programu kwa kasi, mota ya kushoto nguvu sabini, ya kulia sabini, wakabonyeza, ikaondoka. Mapacha walikumbatiana. Halafu ikaanza kupinda kushoto, kidogo kidogo, ikaenda kugonga mguu wa meza.

Nilijua papo hapo. Mota ya kushoto ni dhaifu kuliko mwenzake, iongezwe namba, mambo yaishe. Niliuliza tu, "Mnadhani kwa nini?" Pacha mmoja akasema sakafu imeinama. Mwingine akasema upepo. Upepo, ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa. Nikatoka nje kidogo nikapigwa na manyunyu.

Ijumaa, 14 Februari

Inapinda kushoto.

Jumapili, 16 Februari

Binti yetu wa mwisho alikuwa anafunga kamba za viatu, tumechelewa, naye anazungusha kamba moja huku na huko kama anayetafuta mwanzo wa uzi. Nilipiga magoti nikamfungia. Akalia. Tukaingia garini na mke wangu.

Gari lake la kazi lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake. Akaniambia, "Unajua mimi hukaa vipi humu, baba watoto? Nakalia mikono. Mguu uko juu ya breki yangu, lakini siikanyagi mpaka nione kifo. Ukimkanyagia mtu kila mara, atapata leseni hajui breki iko wapi."

Nikamwambia roboti haiui mtu. Akasema nimeshataja roboti, na kwa dada yake si mbali.

Jumatano, 19 Februari

Bado kushoto. Wamebadilisha sakafu, wamebadilisha meza, wamegeuza chumba kizima. Mama Mkuu alipita akasimama mlangoni wakati hasa ambapo roboti inajipiga ukutani na kuendelea kuzungusha magurudumu pale pale. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama na za shule nyingine hufanya hivyo. Taratibu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, shavu chini, anaangalia magurudumu. Kipindi kizima. Nilimwambia Mama Mkuu huyo ni mzito kidogo, na nilitamani kumnyanyua kwa kola ya shati.

Alhamisi, 20 Februari

Nimegusa.

Haikuwa siku ya klabu. Niliingia kufunga dirisha kwa ajili ya mvua, nikaikuta kompyuta mezani na ile sabini inaniangalia. Niliandika sabini na nne upande wa kushoto, nikaiwasha roboti, ikaenda mbele imenyooka. Niliizima, nikaiacha namba mpya, nikarudisha kila kitu kingine kilipokuwa, hata kalamu iliyolala juu ya waya. Nimeirudia sababu yangu mara nyingi tangu saa ile. Wamehangaika vya kutosha, sitaki wakate tamaa, ni namba moja tu. Zote ni sababu nzuri, na bado nimefunga mlango kama mwizi.

Ijumaa, 21 Februari

Sasa sikiliza balaa. Wamekuja, na kwa kuwa sakafu imejaa vumbi, pacha mmoja kafuta magurudumu kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuiwasha. Roboti ikanyooka. Wakairudia, ikanyooka tena. Chumba kizima kikalipuka. Pacha akakiinua kitambaa juu kama kombe.

"Vumbi!" alisema. "Siku zote hizi, kumbe vumbi."

Walinigeukia mimi. Walitaka nicheke nao, nikacheka.

Jumatano, 26 Februari

Kitambaa sasa kina mwenyewe. Pacha mkubwa ndiye anayekitunza, kwenye mfuko wa nailoni, na ndiye pekee anayefuta. Kushoto kwanza, kisha kulia. Leo alikisahau nyumbani, akarudi mbio kukifuata kwenye mvua, na wenzake wakamngoja bila kuiwasha roboti.

Ijumaa, 28 Februari

Wametengeneza bango la kuwaonyesha waamuzi. Kichwa chake ni "Vumbi Ndilo Adui". Wamechora gurudumu chafu na gurudumu safi, wameweka mishale, na Cheche ameandika maelezo ya msuguano kwa Kiswahili safi kabisa ambacho ningempa alama zote kama kingekuwa kweli. Nimefundisha fizikia muda mrefu, na sijawahi kuona watoto wameelewa jambo lisilokuwepo kwa undani kiasi hiki.

Nilidhani nimewapa namba. Kumbe nimewanyang'anya kosa lao, na mahali pake nimewawekea uongo uliopambwa kwa rangi. Nasikia aibu, na juu ya aibu nasikia hofu, kwa sababu roboti inakwenda vizuri na Mama Mkuu ameanza kunisalimia kwa tabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Taratibu ameuliza swali. Wote walikuwa wanakusanya vitu waondoke, yeye bado anafunga begi. Akasema, hakumlenga mtu, "Vumbi lilikuwa kwenye magurudumu yote mawili. Sasa kwa nini lilikuwa linatupeleka kushoto tu?"

Cheche alimwambia labda kushoto lilikuwa jingi zaidi. Akasema, labda. Kisha akamwomba pacha wajaribu mara moja bila kufuta. Pacha akakataa, akasema shindano li karibu, huu si wakati wa kucheza na bahati. Bahati, kasema. Mwanafunzi wangu wa fizikia.

Taratibu alikwenda nje, akarudi na udongo kiganjani, akaupaka kwenye magurudumu mbele ya macho ya mapacha waliokuwa kama wanaona mtu anatia mchanga kwenye chakula. Akaiwasha. Roboti ikaenda mbele imenyooka, ikiacha michirizi miwili ya tope sakafuni.

Mimi nilijifanya natafuta chaki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa kwenye kikao cha walimu katikati ya klabu, na kikao cha walimu hakiishi mpaka kila mtu arudie alichosema mwenzake. Niliporudi, Cheche hayupo, mapacha wamefura, na Taratibu amekaa mbele ya kompyuta amejishika kichwa.

Nimeyapata kwa vipande. Taratibu alifungua programu akaona sabini na nne. Akamuuliza Cheche, maana programu ni yake, na Cheche akaapa kwamba aliandika sabini pande zote na hajagusa tangu hapo. Mapacha hawakumwamini. Wakamwambia alitengeneza kimyakimya akawaacha wacheze na kitambaa kama wapumbavu, ili mbele ya waamuzi aje kujitokeza yeye ndiye mjanja. Cheche, ambaye ana jibu la kila kitu, alikosa jibu. Alichukua begi lake akatoka analia. Alilia mbele ya watu, na ana miaka kumi na mitano.

Pacha mkubwa aliniuliza, "Mwalimu, wewe unaonaje? Si yeye?"

Nilisema tutazungumza Jumatatu. Ndicho nilichosema. Ulimi ulikuwepo, na pumzi ilikuwepo, na nilisema tutazungumza Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeosha gari la mke wangu ndani na nje. Nimekaza mlango wa jikoni ambao haukulegea. Nimemkaripia binti yangu kwa kumwaga maji, kisha nikamwomba samahani, akanitazama kwa mashaka. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza yote, mezani, na neno roboti limo. Hakuhama. Alisema, "Sasa huyo mtoto yuko wapi leo?"

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaambia. Cheche hakuja shule, kwa hiyo nimewaambia watatu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kuhusu nia njema na uchovu, lakini nilipofungua mdomo yalitoka machache tu: ni mimi, niliingia siku ya mvua, nikabadilisha namba, nikanyamaza mlipofurahia kitambaa, na nikanyamaza tena Ijumaa.

Pacha mdogo akacheka, akidhani natania. Pacha mkubwa akatoa ule mfuko wa nailoni, akakitazama kitambaa chake, akakirudisha mfukoni polepole. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Taratibu akaniuliza, "Ulibadilisha namba ngapi?"

"Moja."

"Una hakika?"

Sikuzoea kuulizwa hivyo. Nilisema nina hakika. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeandika jambo mahali fulani ili alihakikishe baadaye, akaomba ruhusa ya kwenda darasani.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa akina Cheche. Analelewa na bibi yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, aliyenikaribisha huku akimwambia mjukuu wake atoke ndani, mwalimu kaja, na kama umefanya jambo sema sasa hivi. Nikamwambia aliyefanya ni mimi. Nikamwomba kijana radhi mbele ya bibi yake, maana alidhalilishwa mbele za watu, na radhi ya pembeni isingetosha.

Cheche alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "kazi ni ya watoto."

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ukawafanyia."

"Ndiyo."

"Kisha mtoto akasingiziwa, ukanyamaza siku tatu."

Kisha akamgeukia mjukuu wake akamwambia arudi shuleni kesho, kwa kuwa kule kuna watu wanahitaji kuangaliwa. Cheche alicheka kidogo puani. Nilitoka pale nimepungua, lakini nilikuwa napumua.

Jumatano, 12 Machi

Wote wanne wamekuja. Mapacha wamemwomba Cheche samahani kwa kumgombania nani akae naye, na yeye amejifanya hajali. Bango limeng'olewa ukutani.

Taratibu akasema namba irudi sabini. Cheche akaruka. Jibu tunalo, alisema, shindano ni wiki mbili na kitu, kwa nini tulitupe? Mapacha wakamuunga mkono, na ndani ya moyo wangu nami nilimuunga mkono, nikiwa nimesimama mlangoni na mikono mfukoni.

"Hatuna jibu," Taratibu alisema. "Tumeambiwa tu."

"Na tukikosa muda?"

"Tutakuwa tumekosa muda."

Cheche akakaa kwenye kompyuta, akaandika sabini. Roboti ikaondoka, ikapinda kushoto, ikagonga mguu wa meza ule ule. Baada ya klabu nilimwambia Mama Mkuu mwenyewe, yote, kabla hajasikia kwa mwingine. Aliniuliza viti vibovu vingeanza kuhamishwa lini.

Ijumaa, 14 Machi

Wamezibadilisha mota, ya kushoto imewekwa kulia na ya kulia kushoto. Roboti imepinda kulia. Mapacha walishangilia kosa kuliko walivyoshangilia kitambaa. Sasa wanajua kwamba ni mota, si sakafu, si upepo, na wanajua walivyojua. Mimi pia nilikuwa najua, lakini sikuwa nimepima.

Jumatano, 19 Machi

Haya ni ya kuandika kwa kalamu nyekundu. Walirudisha mota mahali pake pa kwanza, kisha Cheche akajaribu sabini na nne, ile ya kwangu, ili tu waone. Ikanyooka. Taratibu akawaambia waiache iendelee kwenda na kurudi bila kuchaji betri. Wakakaa chini, wanaangalia, mvua inapiga paa. Nilikuwa naona wanapoteza kipindi na nilikaribia kusema. Baada ya muda roboti ikaanza kupinda. Kulia safari hii, kidogo, kisha zaidi. Betri ikipungua, mota zile mbili hazichoki sawasawa.

Maana yake sabini na nne ilikuwa sahihi kwa betri iliyojaa tu. Kule ukumbini, baada ya kusubiri zamu, betri ikiwa nusu, ingetuingiza ukutani mbele ya watu, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Hata mimi.

Taratibu aliniangalia mara moja tu. Hakuwa na ushindi usoni. Alikuwa anaona kama nimeelewa. Nilimwambia nimeelewa.

Ijumaa, 21 Machi

Wamegundua kwamba kila mota ina kihesabio ndani yake kinachojua gurudumu limezunguka mara ngapi. Wanataka programu iwe inayalinganisha magurudumu njiani, lililotangulia lipunguziwe nguvu limngoje mwenzake. Cheche anaandika, Taratibu anamuuliza kila mstari unafanya nini, na Cheche, ajabu, anasubiri swali liishe. Pacha mdogo amesema hivyo ndivyo mama yao alivyokuwa akiwatembeza sokoni.

Waliniuliza kama itafanya kazi. Nikawaambia sijui, na ilikuwa kweli.

Jumatano, 26 Machi

Inafanya kazi. Mara nyingine haigeuki kwenye ukuta. Mikono inaniwasha mpaka kwenye kiwiko.

Jumamosi, 29 Machi

Ukumbi wa shindano ulikuwa mkubwa, una mwangwi, umejaa watoto waliovaa fulana za rangi moja moja. Wakubwa tuliwekwa nyuma ya kamba. Nilipopelekewa karatasi ya kutia saini nilimwambia mratibu ukweli: niligusa mwezi uliopita, wanafunzi wakaondoa nilichofanya, wakaanza upya. Alikwenda kuzungumza na wenzake. Mama Mkuu, aliyekuja na viatu vya heshima, alisimama kando yangu akitazama mbele. Mratibu alirudi akasema watoto watashindana, na waamuzi watawauliza wao wenyewe kilichotokea.

Zamu ya kwanza pacha mkubwa aliiweka roboti imekaa upande. Ikatembea imenyooka kabisa, ikaenda kwenye ukuta usio wake. Wazazi wa shule nyingine waliguna. Karibu yetu kulikuwa na mwalimu aliyekuwa anapiga kelele kwa timu yake, ongeza, punguza, geuza, na watoto wake walikuwa wanamtazama yeye, hawaitazami roboti. Nilimhurumia, maana nilijiona.

Wetu waliinama pamoja. Hawakunitazama hata mmoja. Ningesema uongo nikisema haikuuma. Zamu ya pili waliipanga kwa rula, na ikaenda, ikageuka, ikasukuma makopo yote ndani ya duara isipokuwa moja lililoanguka likaviringika chini ya meza ya waamuzi. Mapacha walipiga kelele hadi sauti zikawakauka.

Kisha mahojiano. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mhandisi, miwani juu ya kichwa, amechoka kusikia watoto waliokariri. Aliuliza maswali ya kawaida, Cheche akajibu. Halafu akamgeukia Taratibu, ambaye alikuwa hajasema.

"Katika kazi yote hii, hitilafu ngumu kuliko zote kuipata ilikuwa ipi?"

Taratibu akafikiri. Tuliokuwa nyuma ya kamba tulifikiri pamoja naye. Mwamuzi alitazama saa, akataka kumsaidia, Cheche akamwinulia mwamuzi kiganja kwa adabu, kumwomba amsubiri.

"Mwalimu wetu," Taratibu alisema.

Kicheko kilienda mpaka viti vya nyuma. Yeye hakucheka. Alisubiri kiishe, kisha akaeleza yote kwa utaratibu wake: kitambaa, bango, udongo kwenye kiganja, sabini na nne, betri. Alieleza kwamba roboti ikifanya vizuri bila kujua kwa nini, unapaswa kuogopa kuliko ikifanya vibaya. Mwamuzi alikuwa ameshusha miwani na ameacha kuandika.

Mama Mkuu aliniuliza bila kugeuza kichwa, "Huyu ndiye uliyesema ni mzito?"

Nikasema ndiye.

Tumekuwa wa tano.

Jumatatu, 31 Machi

Dereva wa waandaaji alikuja kuchukua masanduku. Watoto walipanga kila kitu wenyewe, na Taratibu alimwekea dereva karatasi juu ya ile mota dhaifu, ili shule itakayoipata ijue. Pacha mkubwa alitaka kuweka na kitambaa, wenzake wakamzuia. Mchana viti vibovu vilianza kuingia chumbani. Nilitegemea kuwa na huzuni, na nilikuwa nayo, na nilikwenda nyumbani mapema.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepita chumba kile kwa mazoea, nikawakuta wanne wamekaa juu ya viti vibovu, hawana kitu mikononi. Niliwauliza wanafanya nini. Cheche akasema ni Jumatano.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamemwomba Mama Mkuu kengele ya umeme iliyokufa. Amekubali kwa masharti: fundi umeme wa shule aangalie waya zinazotoka ukutani, wao washughulike tu na saa inayoiamuru ilie. Fundi ameziangalia, amekata umeme, ameondoka. Nilifika mlangoni na bisibisi yangu nzuri.

"Mwalimu," Taratibu alisema, "usiingie kwanza."

Nikampa bisibisi kupitia mlangoni. Nikabaki kwenye varanda, mvua inapungua, nikiwasikiliza wakibishana. Nilikuwa na wivu na nilikuwa na furaha, na sikuweza kuvitenganisha.

Jumatano, 9 Aprili

Mke wangu ameuliza habari za kengele, yeye mwenyewe, mezani.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilikuwa nafundisha mwanga, katikati kabisa ya kipindi cha pili, kengele ikalia. Haikuwa wakati wake. Ililia sauti kubwa, ya bati, isiyokoma, sauti ambayo nusu ya walimu hapa hawajawahi kuisikia. Shule nzima ikamwagika uwanjani na vitabu vyake. Mlinzi alisimama chini ya chuma chake na nyundo mkononi, haelewi kama amefukuzwa kazi.

Mama Mkuu alitoka ofisini akaniona. Ilibidi anipigie kelele ili nisikie.

"Nenda kaizime!"

Miguu ilishaanza kwenda. Kule mwisho wa jengo niliwaona wanne wametoka mlangoni, wanatazama juu ya paa. Mapacha wameziba masikio, Cheche anaongea, na Taratibu ameinua kidole kumwambia anyamaze kwanza, asikilize inavyolia.

Nilisimama. Nikaweka mikono mfukoni.

"Wataizima wenyewe," nilimwambia Mama Mkuu.

Alinitazama, akawatazama, akakunja mikono yake kifuani. Tukasimama pale uwanjani pamoja na shule nzima, kengele inalia, tukawangoja.